Naomba ushauri: video za wanafunzi wangu zina picha nzuri lakini hazina hadithi
Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha sekondari mkoani Tanga na ninasimamia wanafunzi wanaosimulia maisha ya watu kwa video za dakika 5, wakirekodi kwa simu za walimu. Kati ya makundi manne ya mwaka huu, ni moja tu lililonigusa, nalo lilimfuata mama mmoja mkaanga samaki tangu anaponunua ufukweni alfajiri hadi anapohesabu fedha zake jioni. Mengine yalikusanya mahojiano ya watu walioketi, upepo wa bahari ukimeza sauti zao, kisha yakaziba mapengo kwa muziki. Naamini kasoro ilianza kabla ya kurekodi, kwa kuwa walichagua mada, yaani uvuvi, badala ya mtu anayetaka jambo fulani na mwenye kikwazo mbele yake. Niliwaelekeza waandike mswada. Sasa baadhi wanamlazimisha mhusika aufuate, jambo linaloua ukweli wake, na hilo linanisumbua sana.

Mliowahi kufundisha kazi hii, mnawapa wanafunzi muda gani wa kumzoea mhusika kabla ya kuwasha kamera? Na alama za hadithi, sauti na uhariri mnazigawaje, ili kundi lililopata simu duni lisionewe?