Tupeane uzoefu: pikipiki inakata moto barabarani, mwisho wake mlikuta nini?

Salaam wakuu. Nafungua mada hii kwa sababu tatizo lenyewe limenitesa miezi miwili. Asubuhi pikipiki inawaka vizuri, inavuta, haina moshi, halafu ukishakolea barabarani inazima. Unakaa pembeni dakika kumi, unapiga kiki, inawaka kama haikuwa na neno. Ukiipeleka kwa fundi haizimi hata mara moja, na yeye anabaki anakuangalia tu.

Yangu ni ya kabureta. Baada ya mwendo wa dakika ishirini hivi ilianza kukosa nguvu, inasitasita, kisha inakufa. Nimebadilisha plagi mara mbili, nimesafisha kabureta, nimenunua mpaka koili inayoipa plagi umeme. Siku moja ikanizimia mlimani na lori liko nyuma yangu, niliogopa kwa kweli. Nilipoisogeza pembeni nikafungua mfuniko wa tanki kuangalia mafuta, nikasikia hewa inavutwa ndani: fyuuu. Nikapiga kiki moja, ikawaka.

Kumbe kale katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kalizibwa na vumbi. Petroli ikitoka tankini lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa isipoingia, mafuta yanagoma kushuka. Nilikazibua kwa sindano na kupuliza upepo, haijazima tena.

Mwenye kisa aseme ilizimaje, ghafla au kwa kusitasita. Ilizima wakati gani. Na mlikuta nini. Hayo mawili ya kwanza ndiyo nilipaswa kujiuliza kabla ya kununua spea.

*

Mkuu, yangu ilikuwa kinyume na yako. Inakata pap, kama mtu kazungusha funguo, na taa za dashibodi zinazima nayo. Sekunde mbili zinarudi. Ilipenda kufanya hivyo nikikata kona kwa mwendo mdogo.

Fundi wa kwanza aling'ang'ania kabureta. Nikamkatalia, kabureta haiwezi kuzima taa. Wa pili ni mzee wa mambo ya umeme. Aliiwasha, akaiacha ingurume yenyewe, akawa anazungusha usukani taratibu huku na huku, mkono mwingine unatikisa nyaya pale shingoni, mmoja baada ya mwingine. Ikazima mkononi mwake. Waya wa swichi ya funguo ulikuwa umekatika kwa ndani, ganda la nje zima kabisa, huwezi kuona kwa macho. Akaunga kwa risasi na kuuachia ulegevu ili usivutwe usukani ukizunguka.

Kabla ya kufika huko, kazeni kwanza vichwa vya betri na kuangalia fyuzi inavyokaa kwenye kiti chake. Vikilegea vinafanya mchezo huo huo.

*

Wenye swichi kwenye stendi ya pembeni, ile inayokata moto stendi ikiwa chini na gia imeingia, waanzie hapo. Yangu ilizima ikiwa kwenye gia tu, hasa kwenye matuta. Ikiwa nyutro unaweza kukaa saa nzima, haizimi. Swichi ilijaa matope, chuma cha ndani hakirudi vizuri. Kuosha na kupaka grisi kidogo kulitosha.

*

Kaka zangu, mimi nasafiri masafa marefu peke yangu, kwa hiyo hili nililifuatilia mpaka mwisho.

Ilikata ghafla ikishapata moto. Dashibodi inawaka, stata inazungusha injini kwa nguvu, lakini haishiki. Ikipoa nusu saa inawaka. Nikaona hakuna maana ya kuipima ikiwa nzima, inabidi kuipima palepale ilipozimia. Nikaanza kubeba plagi moja ya akiba.

Ilipozima tena, nilichomoa kofia ya plagi, nikaichomeka ile ya akiba, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta, nikabonyeza stata. Hakuna cheche. Kuanzia hapo nikaacha kabisa habari za mafuta. (Hakikisheni ganda la plagi limegusa chuma sawasawa. Umeme ukikosa njia unaweza kuua CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoifanya plagi ipige cheche, na cheche karibu na petroli ni hatari.)

Nyumbani nikachukua mita ya umeme. Koili ya palsa, ile ndogo inayoipa CDI ishara ya wakati wa kupiga moto, ilisoma sawa na kitabu cha pikipiki kinavyosema. Ningeishia hapo ningeiruka. Nikaipasha kwa kikausha nywele huku waya za mita zimeshikizwa, usomaji ukapotea ghafla, kama waya umekatwa. Ikipoa unarudi. Nilibadilisha hiyo tu.

*

Naongeza moja fupi. Ikizima ukisimama, injini ikiwa ya moto sana, na kuwaka ni shida mpaka ipoe, pimeni nafasi ya vali injini ikiwa baridi. Vali zikibana, chuma kikitanuka hazifungi sawasawa na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inapungua. Fundi alipoweka vipimo vya kitabu, ikatulia.

*

Jamani nisaidieni. Yangu inamisi, yaani inaruka kupiga moto, na kuzima siku za mvua tu, au nikitoka kuiosha. Ikikauka haina tatizo. Fundi anataka kubadilisha CDI.

*

Dada mwenye kisa cha palsa hapa. Ndugu, subiri kwanza kununua CDI. Usiku, mahali penye giza na pa wazi, iwashe, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa kwenye waya wa plagi, kofia yake na koili. Usishike kitu. Angalia tu.

*

Dada, ubarikiwe. Nimefanya jana usiku. Niliponyunyizia kwenye kofia ya plagi injini ikaanza kumisi, na nikaona kwa macho yangu mstari wa bluu unaruka kutoka kwenye kofia kwenda kwenye mapezi ya silinda. Nilipoivua nikakuta ufa mwembamba kama unywele. Nimeweka kofia mpya na kukata ncha ya waya iliyokuwa imeota kutu. Leo nimepita kwenye mvua safari nzima, haikuzima.