Miaka 27, vidole vinakakamaa kila asubuhi

Mshonaji_Moro: Habarini ndugu zangu. Nashona nguo za kike hapa Morogoro. Tangu masika, nikiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vimekakamaa. Kutunga uzi kwenye sindano siwezi hadi saa nne hivi. Mama anasema ni baridi, nivae sweta. Duka la dawa wananipa diklofenaki, inatuliza kisha maumivu yanarudi. Jamani, huu si ugonjwa wa wazee?

DadaWaTanga: Pole sana mdogo wangu. Hiyo inafanana na baridi yabisi, mimi ulinianza nikiwa chuo. Baridi yabisi hailetwi na baridi wala uzee. Ni kinga ya mwili inayoshambulia utando wa viungo. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa viungo, upimwe damu: RF na anti-CCP (kingamwili za ugonjwa huu) na ESR (dalili ya uvimbe mwilini). RF ikitoka hasi usikubali kuambiwa huna kitu, wengine hutoka hasi na wanaumwa kweli. Usichelewe, kiungo kikishaliwa hakirudi.

Babu_Kijana: Na hiyo diklofenaki ya kila siku iache kwanza, inaumiza tumbo na figo.

Mshonaji_Moro: Asanteni mno. Ila nimeolewa juzi tu, tunatafuta mtoto. Dawa zake vipi?

DadaWaTanga: Mwambie daktari hilo kabla hajaandika chochote! Methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, haitumiki kabisa kwenye ujauzito. Sulfasalazini na haidroksiklorokwini huwa zinaruhusiwa. Na ukija kupewa methotreksati baadaye, ni mara moja kwa WIKI, pamoja na foliki asidi. Kuinywa kila siku kunaua.