Re: Likizo ya pikipiki pwani ya Bretagne: visa, feri, njia

Salaam wadau,

Kaka uliyeuliza kuhusu kuvuka na pikipiki kutoka hapa Uingereza kwenda Ufaransa mwezi wa sita pamoja na shemeji, nimeona wengi wanakushauri ushuke mpaka Hispania au uizunguke Ufaransa nzima, na mimi hapo napinga kabisa. Una siku kumi, umembeba mkeo nyuma, umetoka kwenye shifti za usiku mwaka mzima, halafu ukashinde motowei kilomita mia sita kwa siku? Hiyo siyo likizo, hiyo ni kazi nyingine. Chukua kona moja ya pwani, uikae. Mimi ningekwenda Bretagne, ile pembe ya Ufaransa inayotokeza baharini upande wa magharibi, na hata humo ndani ningechukua mkoa wa Finistère na kipande cha mkoa wa Côtes-d'Armor tu. Feri ya Plymouth inakushusha Roscoff, ukitoka tu getini bandarini tayari uko likizo.

Lakini tuanze na makaratasi maana huko ndiko watu wetu wanakwama. Kama shemeji na wewe mna pasipoti za Uingereza hamna shida, mna siku 90 ndani ya kila siku 180. Kama bado mnatembelea za Tanzania au Kenya, kuishi kwenu Uingereza kihalali hakuwapi ruhusa ya kuingia Ufaransa hata kwa siku moja, lazima visa ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, na kila mtu yake. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na wakala anayepokea fomu ana ada yake juu. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila msifike huko, miadi ikikaribia kiangazi inagombaniwa vibaya. Kwa safari ya mwezi wa sita mngeanza mwezi wa pili. Watataka bima ya safari yenye matibabu yasiyopungua euro 30,000, barua ya mwajiri, hati za mshahara, taarifa za benki, mahali mtakapolala, na ushahidi wa kuishi hapa, na kwa sasa huo uko mtandaoni kwa hiyo uprintini. Pasipoti yenyewe isiwe imepita miaka 10 tangu itolewe na iwe hai miezi mitatu baada ya siku mnayotoka Schengen. Na tafadhali sana, msilipie feri au hoteli kwa tiketi isiyorudishwa kabla visa haijabandikwa. Chagueni malazi yanayofutika bure, kuna mengi tu.

Mpakani jipeni muda, tangu Oktoba 2025 wameanza kuingiza mfumo mpya wa kusajili wasafiri wasio raia wa Ulaya, wanapiga picha ya uso na kuchukua alama za vidole, kwa hiyo helmeti na glavu vinavuliwa, simu mfukoni, pasipoti mkononi.

Leseni nayo niseme maana kuna mdau aliandika eti leseni ya Dar inatosha. Ukihamia hapa leseni ya nyumbani unaitumia miezi 12 tu, na Tanzania na Kenya hazimo kwenye nchi ambazo leseni zao zinabadilishwa moja kwa moja, inabidi ufanye mitihani. Na cheti cha CBT, kile cha kuendeshea kipikipiki cha 125 na herufi L, hakivuki bahari, ni cha hapa Uingereza peke yake. Kwa Ufaransa uwe na leseni kamili. Kadi ya usajili wa pikipiki iende yenyewe, siyo kopi, na bima upige simu uwaulize wazi: nikiwa Ufaransa nina kava ile ile au inashuka inabaki ya kumlipa mtu wa tatu tu? Kampuni nyingi zinaishusha na mtu anakuja kujua akiwa ameshaanguka. Green card, ile kadi ya kuonyesha bima ukiwa nje, haihitajiki tena tangu 2021. Ila kama plate yako haina alama ya UK bandika stika ya UK nyuma, ile ya GB ya zamani haikubaliki.

Sheria za kule kwa waendesha pikipiki ni kali kidogo kuliko hapa. Glavu zenye alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, ni lazima, wewe na wa nyuma, tangu 2016. Reflekta ya kuvaa iwe mahali unapoifikia haraka, siyo chini ya mabegi. Helmeti inatakiwa iwe na vibandiko vinavyong'aa. Na ile tabia ya kuchomeka spika za simu masikioni upate maelekezo ya ramani, kule ni marufuku tangu 2015, tumia intakomu iliyofungwa ndani ya helmeti. Barabara ndogo nyingi ni kilomita 80 kwa saa. Ukipita kibao chenye jina la kijiji hujaona namba yoyote, jua umeshaingia 50, mpaka ukute jina lile lile limepigwa mstari mwekundu.

Feri sasa. Pikipiki zinapangwa foleni yake na mara nyingi zinaitwa mapema. Ile rampu ni chuma na ikiloa inateleza, shemeji ashuke apande kwa miguu kama wafanyakazi wanaruhusu, wewe panda polepole bila kushika breki ya mbele ghafla. Ndani watakuonyesha sehemu, unaweka stendi ya pembeni, unaiacha kwenye gia ya kwanza, wanaweka kipande cha sponji juu ya siti na mkanda unavutwa mpaka suspensheni inashuka kidogo. Usiondoke kabla hujautikisa mwenyewe. Mkanda ukipita juu ya plastiki za pembeni waambie wauhamishe, hawakasiriki. Zima alamu, meli ikianza kuyumba italia njia nzima na betri itakufa. Na chukua kibegi chenye dawa, chaja, jaketi na pasipoti maana milango ya chini inafungwa mpaka mfike.

Kuendesha kulia kwa sisi tuliokulia Dar au Mombasa na sasa tuko Uingereza kunataka akili, ndugu zetu wa Bujumbura na Goma humu hili haliwahusu, wao watacheka tu. Hatari haiko mjini kwenye magari mengi, maana pale unafuata wenzako. Hatari iko asubuhi, umetoka sheli au umetoka kwenye geti la hoteli, barabara tupu, mwili unakupeleka kushoto wenyewe. Mpe shemeji kazi hiyo, kila mkianza safari aseme "kulia" kwenye intakomu. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha ulivyozoea na unampisha anayetoka kushoto. Vijijini kuna kitu kinaitwa priorité à droite, gari linalotoka kichochoro cha kulia kwako lina haki ya kupita kwanza kama hakuna alama inayosema vinginevyo, na mzee wa miaka themanini na gari lake dogo anatoka bila kukuangalia kwa sababu sheria iko upande wake.

Njia ningeigawa vituo viwili vya kulala, siku nne nne, halafu moja au mbili za mwisho Roscoff penyewe. Cha kwanza Perros-Guirec au Ploumanac'h. Kutoka Roscoff ni kama kilomita 80, unapita Morlaix chini ya lile daraja refu la reli lililopita juu ya mji, unashika barabara ya D786, na ukifika Saint-Michel-en-Grève barabara inateremka inaambatana na ghuba nzima, mchanga uko mita chache kutoka tairi lako. Simameni hapo. Ploumanac'h kwenyewe kuna mawe ya rangi ya waridi makubwa kama nyumba, yamepandana, na njia ya miguu ya zamani ya maafisa wa forodha inapita katikati yake hadi kwenye mnara wa taa. Pikipiki ipumzike siku hiyo.

Cha pili rasi ya Crozon. Msiende kwa barabara kuu, pandeni D785 katikati ya Monts d'Arrée, hakuna miti, nyasi na mawe na upepo, unaona mbali kweli kweli. Halafu mnashuka mpaka Le Faou na kuvuka daraja la Térénez, lilifunguliwa 2011 na lenyewe limepinda, yaani unalala na kona huku uko juu ya maji. Camaret kuna bandari ndogo ya kulala, Pointe de Pen-Hir iko hapo hapo. Siku moja nendeni Douarnenez mle dagaa, siku nyingine Pointe du Raz, siku nyingine msiende popote. Kilomita 120 kwa siku zinatosha kabisa, ukijumlisha kusimama ni siku nzima hiyo.

Mafuta: sheli za supamaketi ndizo bei chee, nyingi usiku zinafanya kazi kwa kadi bila mtu. Gazole ni dizeli, usiiguse. Kama pikipiki yako ni ya zamani na haitaki E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi zaidi, weka petroli ya SP98. Barabara za njia nne za Bretagne hazina tozo, kwa hiyo mvua ikiwachapa sana mnaweza kukatisha bila kulipa senti.

Wasalaam,
mdau wa Southampton

---

> Asalaam aleikum kaka, nimesoma yote asante sana. Mimi ndiye ninayekaa nyuma, siyo kwa huyu muulizaji, ila mume wangu naye ana wazo hilo hilo. Nina maswali matatu, chakula kwa sisi Waislamu kikoje huko vijijini, sala mnafanyaje, na mvua, maana mgongo wangu hautaki baridi.

Waaleikum salaam dada yangu,

Chakula ni pwani hiyo, samaki, kome, chaza, kaa, hutalala njaa. Chakula cha kila siku ni galette, mkate mwembamba mpana wa unga mweusi wa sarrasin, upikaji wake kama mkate wa maji wetu ila kwenye bamba kubwa la duara. Ile ya kawaida inayoitwa complète ina yai, jibini na nyama ya nguruwe, kwa hiyo sema "sans jambon" au chukua ya yai na uyoga. Kuna jambo wengi hawalijui, kwa desturi lile bamba hupakwa mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na kiini cha yai. Siku hizi wengine wanatumia mafuta ya mimea au siagi, lakini uliza kabla hujakaa, muulize yule anayepika mwenyewe, watakujibu kwa heshima. Na kile kinywaji cha matofaa kwenye vikombe vya udongo ni pombe, omba jus de pomme. Mchana wanapika saa sita mpaka saa nane, ukifika saa nane na nusu jiko limefungwa, kwa hiyo mpangilie safari za asubuhi hivyo.

Sala, mwezi wa sita jua linazama saa nne usiku na dakika zake, kwa hiyo Magharibi na Isha ni usiku kweli. Ninyi wasafiri mna ruhusa zenu, na sehemu za kusimama tulivu ni nyingi mno. Beba mkeka mdogo unaokunjika na chupa ya maji ya kutawadhia.

Mvua ipo, hata kiangazi, inakuja nusu saa inaondoka. Vaa suti ya mvua juu ya jaketi siyo chini yake, na kitambaa cha shingo cha sufu. Mgongo unauma zaidi kwa kukaa saa nyingi kuliko baridi, mwambie mume kila dakika 45 asimame, na kama siti ya nyuma ni nyembamba anunue mto wa jeli kabla ya kununua kitu kingine chochote cha pikipiki. Ulizia pia kama ana kibao cha kuegemea nyuma, kwa wewe ni lazima.

---

> Mkuu nashukuru, shemeji yako amekubali. Kazini wananipa likizo ama mwanzo wa Juni ama Agosti katikati. Unashauri ipi?

Juni bila kufikiri mara mbili. Shule za Ufaransa zinafunga Julai na wiki ya tarehe 15 Agosti nchi nzima iko ufukweni, barabara ya Pointe du Raz ni foleni na vyumba vimepanda. Kitu kimoja zaidi, kabla hujafunga tarehe tazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Mtu wa pwani utapenda hili: Zanzibar bamvua, yale maji makubwa, inapanda kama mita nne, Saint-Malo huko mashariki ya Bretagne inapita 12, na hata Roscoff si mchezo. Maji yakipwa sana boti ya kwenda kisiwa cha Batz haifiki bandari ya kawaida, mnatembea kwenye gati refu jembamba mpaka mwisho wake kuifuata. Siku za bamvua wenyeji wanashuka na vikapu na reki kuokota kome na chaza kwenye mawe na kombe kwenye mchanga, na wanafurahi mgeni akiuliza. Ukipata bamvua iangukie siku zenu za Roscoff, chukua hizo tarehe, leo hii anza kutafuta miadi ya visa.