Kaktasi KICHWA CHINI, halafu mtu anakwambia "itageuka yenyewe"!

MwibaMkali:
Simtaji. Mnamjua, yule muuza mimea wa kofia pale Ngong Road, Nairobi, ambaye bei hupanda ukishuka kwenye gari. Shilingi 1,200 kwa kipande cha kaktasi ya mnara, sentimita 30, tayari kwenye chungu. Kutazama vizuri: ncha yenye manyoya imezikwa udongoni, kidonda cha kisu kiko juu kinatazamana na kunguru. KICHWA CHINI! Unamwonyesha, hata hapepesi macho: "Itageuka yenyewe."

Itageuka yenyewe! Kwani ni popo?

Na kidonda bado kinatoka maji. Kipande cha unene wa sentimita 8 hukaushwa kivulini wiki 3, na kwa baridi hii ya Julai hata 5, mpaka kishike kigaga kigumu. Yeye kakata asubuhi, kapanda saa nne, kamwagilia saa tano, tena kwenye ule udongo mweusi wa Embakasi unaopasua kuta za watu. Mvua ikinyesha, maji yanatuama kidondoni na uozo unashuka na moyo wa shina. Mwambie hayo uone. ITAGEUKA YENYEWE!!!

Balkoni_Kijani:
Pole, lakini nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. 1,200 na hukuangalia juu ni wapi?

Ing'oe leo. Futa kisu kwa spiriti, kata mpaka nyama iwe safi, bila doa la kahawia hata kwenye pete ya katikati. Kisha chonga ukingo mshazari pande zote. Mizizi hutoka kwenye ile pete, na kidonda kikikauka nyama hurudi ndani. Usipochonga, ngozi inabaki imetangulia na pete imefichika shimoni. Paka unga wa salfa. Isimamishe wima ndani ya ndoo tupu, maana ukiilaza muda mrefu mizizi huchomoza ubavuni. Na chora mshale wa kalamu kuonyesha juu, kwa ajili ya watu kama rafiki yako wa kofia.

MwibaMkali:
Asante ya kisu. Lakini mnaruka jambo lenyewe. ALISEMA ITAGEUKA.

Mzee_wa_Kokoto:
Tumtendee haki. Isipooza, machipukizi ya ubavuni yatapinda kuelekea juu. Ngoja miaka 3 utamwomba radhi 😂

Mama_Vyungu:
Wewe angalau umeuziwa kaktasi! Yule wa Kiambu Road anauza yuforbia za porini, mimea inayofanana na kaktasi tu, akiziita kaktasi. Choma na sindano: ikitoa maziwa meupe, hiyo si kaktasi ya mnara. Maziwa hayo yakiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Anakata bila glavu, watoto wako hapo hapo. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

MwibaMkali:
Fungua wako bana.

Balkoni_Kijani:
Nimesahau udongo: pumisi (yale mawe mepesi ya volkano) au kokoto ndogo sehemu 2, mchanga mkubwa wa mto ulioshwa 1, udongo mwekundu 1. Zika sentimita 5 tu, ifunge kwenye kijiti. Maji hakuna mpaka uivute kidogo ikatae kutoka. Watu wanaua kwa huruma ya maji.

Kunguru_wa_Umoja:
Mnaongea udongo na vyungu vyenyewe havina tundu! Wanapaka rangi ya dhahabu, chini kumezibwa kabisa. Maji yatoke wapi?

Mzee_wa_Kokoto:
Toboa. Cha udongo uchi, kiloweke usiku kucha, tumia biti ya zege, zima ile nyundo ya drili. Chenye glezi, ule mng'ao kama kioo, kinataka biti ya almasi, na umwagie maji polepole.

Mama_Vyungu:
Biti ya almasi kwa chungu cha 350? Si heri ununue ndoo.

Kunguru_wa_Umoja:
Ndoo nazo siku hizi zinapasuka kwa jua. Kuna mtu wa South B ana drili ya kukodisha wikendi?