Kwa nini hawajengi darubini kubwa juu ya Kilimanjaro?

Mgumu wa Barafu (Moshi)
Wakuu habari za jioni. Mie nilianza kama mgumu, yani mbeba mizigo wa mlimani, saivi naongoza wageni, mara nyingi njia ya Machame. Wiki iliyopita nilikua na mama mmoja wa makamo, kazi yake anasema ni kutengeneza vifaa vya kupima mwanga wa galaksi (yale makundi makubwa ya nyota), hivyo vinavyofungwa nyuma ya darubini. Tumetoka kambi ya Barafu saa sita usiku, mbingu nyeupe kwa nyota, yeye kila hatua kumi anasimama anaangalia juu, nikajua tayari mlima umempiga kichwa, kumbe anashangaa tu. Akaniambia siku hizi wanaona galaksi ilivyokua miaka kama milioni 290 tu baada ya ulimwengu kuanza, na ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8. Nikamuuliza sasa mbona hamji kuweka darubini hapa kwetu, si tupo juu kuliko wote na mawingu yako chini ya miguu? Akacheka, akasema hiyo stori ndefu ntakupa tukishuka. Kushuka goti lake likakataa, mpaka Mweka geti ni kuugulia tu, stori sikuipata. Naileta kwenu. Kwa nini Kibo, kilele chetu, hamna? Na wanajuaje galaksi ni ya zamani hivyo, imeandikwa?

Ticha Fizikia (Moshi)
Imeandikwa ndio, ila kwenye rangi. Hicho kifaa cha yule mama nadhani ni spektrografu, inachambua mwanga ukatandazika kama upinde wa mvua, na ndani yake unakuta alama za haidrojeni sehemu zinazojulikana. Sasa chukua mpira wa manati, chora alama mbili kwa peni, uvute. Alama zinaachana si ndio? Anga lenyewe linavutika, na mwanga unaosafiri ndani yake unavutika nalo, kadiri ulivyosafiri muda mrefu ndo ulivyovutika zaidi, na zile alama za haidrojeni zinahama sehemu zake, hapo ndo wanasoma umri. Hiyo galaksi ya miaka milioni 290 inaitwa JADES-GS-z14-0, mwanga wake umevutika zaidi ya mara 15, ulitoka ukiwa urujuanimno (ng'ambo ya zambarau) umetufikia infraredi (ng'ambo ya nyekundu), macho hayauoni kabisa.

Na hapo ndo Kibo inaposhindwa. Hewa inazuia sehemu kubwa ya infraredi na yenyewe inang'aa kwa joto lake, yani ni kama unatafuta kibatari mchana wa jua kali. Ndo maana darubini ya James Webb waliirusha angani, 25 Desemba 2021, ipo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, imekingwa jua kwa matabaka matano, na kifaa chake kimoja kinapozwa hadi chini ya kelvini 7, kama nyuzi 266 chini ya sifuri. Baridi ya Stella Point kule karibu na kilele, mbele ya hiyo ni jikoni.

Chalii wa Njiro
Wajenge bana, wagumu wapate hela. Ila mzigo mwisho kilo 20 kila mtu, kioo cha mita sita nani abebe 😂

Ticha Fizikia (Moshi)
@Chalii unacheka lakini kioo cha Webb kina mita 6.5 na ni vipande 18, kila kipande cha beriliamu peke yake ni kama kilo 20. Wagumu 18 kazi imeisha. Vyuma vya kukishikilia ndo wangeongeza wengine.

Mgumu wa Barafu (Moshi)
Hahaha kipande kimoja mzigo mmoja, hapo getini hata mizani haisumbui. Ila Ticha bado hujanimaliza, maana si darubini zote zipo juu angani, nasikia Chile zipo kibao milimani.

Fundi Dishi (Arusha)
Ticha samahani naingilia, umeongelea aina moja tu ya mwanga. Kuna mtambo unaitwa ALMA, upo Chile mita kama 5,000, yani umeipita Barafu, wafanyakazi wakipanda wanatembea na mitungi ya oksijeni na kulala wanashuka chini kama mita 2,900, panda juu lala chini, mambo yenu hayo wa mlimani. Una madishi 66, mengi ya mita 12, na wanayahamisha kwa magari maalum yenye matairi 28, wakiyatandaza yanaachana mpaka kilomita 16. Sasa kreta ya Kibo upana wake ni kama kilomita 2 na nusu, utayaweka wapi, na hilo gari litapita wapi, ukuta wa Barranco?

Halafu mkuu unasema mawingu yako chini, sawa, asubuhi. Mchana yanapanda, wewe mwenyewe unajua. ALMA inashika mawimbi ya milimita na hayo yanamezwa na mvuke wa maji, kule ni jangwa la Atacama, kukavu balaa. Hapa tuna masika na vuli. Na kinachotafutwa kule ni gesi ya baridi na vumbi, ndo malighafi ya nyota. Nyota ni taa za gari, gesi ni tenki la mafuta. Ukiangalia taa tu hujui gari litafika wapi. Wanasema galaksi zilizaa nyota kwa fujo zaidi kama miaka bilioni 10 iliyopita, baada ya hapo kasi imeshuka mpaka leo, na huwezi kueleza kwa nini bila kupima tenki. Hata hiyo galaksi ya Ticha, ALMA imekuta ina oksijeni, na oksijeni inapikwa ndani ya nyota, maana yake kuna nyota zilishaishi zikafa kabla, kwenye miaka milioni 290 tu! Hilo ndo linawaumiza kichwa.

Kwangu mimi lakini ishu tamu ni redio. Haidrojeni inatoa wimbi lake kwenye megahezi 1420. Gawa kwa 15 kama mpira wa Ticha. Unapata kama 95. NI FM HIYO. Sauti ya ulimwengu mchanga imekaa hapohapo kwenye muziki na salamu za wasikilizaji, na yenyewe ni dhaifu kupita maelezo. Sasa ukipanda juu ya Kilimanjaro unaona minara ya Moshi, Arusha na ya Kenya pia, kwa redio urefu ni hasara sio faida! Ndo maana wameenda Karoo, Afrika Kusini, nyika tupu, na kuna sheria ya 2007 inayolinda eneo lisipigiwe kelele. Kuna MeerKAT madishi 64, na kuna HERA madishi 350 ya mita 14, na HERA wameijenga kwa nguzo za simu, mabomba ya PVC na wavu wa waya. Niliposoma hilo nilisimama. Hivyo vitu vyote vipo hadwea ya hapo Ngaramtoni.

Ticha Fizikia (Moshi)
Fundi nimekubali, la FM sikuwahi kulipigia hesabu, kesho naanza nalo kidato cha nne.

Chalii wa Njiro
Kwa hiyo ile chenga ya tv ya chogo ilikua galaksi?

Fundi Dishi (Arusha)
Sehemu ndogo sana ilikua joto lililobaki toka ulimwengu unaanza, serious. Penzias na Wilson 1964 kule New Jersey walipata kelele kwenye antena isiyoisha, wakasafisha mpaka mavi ya njiwa, kelele ipo palepale, kumbe ndo joto hilo. Wakapewa Nobel 1978. Mi nikisafisha mavi ya njiwa kwenye dishi la mtu nadaiwa nimechelewa.

Bibi Tengeru
Wajukuu mmesahau la kwetu. Satelaiti ya kwanza ya kuchunguza mbingu kwa eksirei ilirushwa toka jukwaa la baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Jina moja na kilele chenu. Ilikuta makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto. Walichagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta, dunia yenyewe inakusukuma ukiruka.

Mgumu wa Barafu (Moshi)
Shikamoo bibi. Hiyo ya Uhuru naichukua, wageni wataipenda. Alhamisi napanda tena, krismasi hii wageni wamejaa, pale Barafu niwaonyeshe nini kwa macho tu?

Ticha Fizikia (Moshi)
Desemba saa sita usiku geukia kusini, inua macho toka upeo kama robo ya njia kwenda utosini. Utaona kiwingu ambacho hakisogei na upepo. Ni galaksi ndogo, Wingu Kubwa la Magellan, kama miaka 160,000 ya mwanga toka hapa (yani mwanga wake unasafiri miaka hiyo yote kutufikia), inazunguka yetu na mbele huko yetu itaimeza, ndo galaksi zinavyokua hizo. Wa Ulaya na Marekani wengi kwao hawaioni kabisa. Ila mwambie kila mtu azime taa ya kichwa kwanza dakika kumi.

Mgumu wa Barafu (Moshi)
Aisee hicho kiwingu nakijua miaka yote, hema la jiko linaangalia hukohuko. Nilidhani ni ukungu wa Mweka.

Bibi Tengeru
Marahaba. Vaa soksi mbili.