Kwa nini mwiko wa gesi ya sumu na vijidudu bado unasimama?

Swali
Ndugu zangu, mwaka 1915 Wajerumani walifungulia klorini karibu na Ypres, Ubelgiji, na haukupita muda pande zote mbili zikawa zinapigana kwa gesi. Itifaki ya Geneva ya 1925 ilipiga marufuku matumizi yake pamoja na ya silaha za vijidudu, ila haikukataza kuziweka ghalani. Mwiko huu umevunjwa mara kadhaa tangu hapo, na bado haujafa. Unashikiliwa na nini?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, mimi naona ni hesabu za wanajeshi. Gesi hufuata upepo, na upepo ukigeuka humrudia aliyeifungulia. Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza, Marekani na Ujerumani zilikuwa na akiba kubwa, lakini hazikuitumia katika medani za Ulaya, kwani kila upande ulijua ungelipizwa.

Jibu la pili
Hesabu hiyo ni ya kweli, ila inamlinda mwenye uwezo wa kulipiza tu. Wanazi hao hao waliwaua Wayahudi kwa gesi makambini. Italia nayo, ikiwa imekwisha kuiridhia Itifaki, iliwanyunyizia Waethiopia gesi ya haradali kwa ndege mwaka 1935 na 1936, watu wasio na barakoa, hata Haile Selassie akaenda mwenyewe Geneva kulalamika mbele ya Shirikisho la Mataifa. Mimi nikisoma habari hizo huumia, kwa sababu hakusaidiwa. Lakini tazama yaliyofuata: Italia ilikana kwa miongo mingi, na serikali yake ikakiri mwaka 1996 tu. Kama gesi ingekuwa silaha kama bunduki, kungekuwa na haja gani ya kukana? Kukana huko ndiko kunakonionyesha kwamba hata mvunjaji anaujua mwiko.

Jibu la tatu
Naafikiana nawe kuhusu aibu, lakini aibu peke yake haitoshi. Panahitajika mtu wa kufungua milango ya maghala. Mauaji ya Halabja ya Machi 1988, ambako maelfu ya Wakurdi walikufa kwa gesi ya jeshi la Iraki, yalionyesha wazi pengo hilo. Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika 1997, ukakataza hata kuzitengeneza na ukaweka wakaguzi, wenye makao yao The Hague. Julai 2023 Marekani ilimaliza kuharibu akiba yake iliyotangazwa. Syria, iliyojiunga 2013 na bado ikabainika kuwa imeitumia gesi, ilinyang'anywa haki ya kupiga kura katika mikutano ya mkataba huo mwaka 2021.

Ninachohofia ni upande wa vijidudu. Mkataba wake, ulioanza kutumika 1975, hauna wakaguzi. Umoja wa Kisovieti uliutia saini, kisha ukaendelea kwa siri, na mwaka 1979 vimelea vya kimeta vilivuja katika mji wake wa Sverdlovsk vikaua watu zaidi ya 60. Wakubwa walisema ni nyama mbovu, na ukweli ukakubaliwa na Rais wa Urusi, Boris Yeltsin, mwaka 1992.