Godauni la mzee huko Chang'ombe, Dar: tuvunje au tulibadilishe matumizi?

Mzawa_Keko
Wakuu habari za asubuhi. Mzee wetu ametuachia godauni Chang'ombe, enzi hizo walikuwa wanakamua mafuta ya alizeti, sasa hivi ni popo tu na harufu ya mafuta haijaisha mpaka leo. Kaka anataka livunjwe tupandishe apatimenti, mimi naona tulikarabati tukodishe ofisi na karakana. Dada ndo kaja na hoja eti kutovunja ni kutunza mazingira, kaka kacheka mpaka machozi. Kuna ukweli hapo au ni maneno ya semina?

nondo_12
Dada yako yuko sahihi. Saruji inapatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, na jiwe lenyewe likiungua linatoa kaboni, kwahiyo hata tanuri ulichochee kwa kitu gani moshi huo huukwepi, saruji peke yake ni kama 8% ya kaboni dayoksaidi tunayotoa duniani. Zege la mzee moshi wake ulishatoka zamani. Ukivunja unaanza upya, saruji mpya, nondo mpya, mchanga wa mtoni, alafu kifusi tripu kwa tripu kinamwagwa bondeni, masika ikija tunalia mafuriko.

Kisiki
Hayo ya Ulaya bana. Huku nani atapanga kwenye godauni

MamaTuli
@Kisiki sio Ulaya, nenda Cape Town pale bandarini. Kulikuwa na maghala ya nafaka ya mwaka 1924, minara 42 ya zege imebanana, wakaikata kwa ndani na kuifanya jumba la sanaa, Zeitz MOCAA, limefunguliwa 2017. Ule uwazi wa katikati waliuchonga kwa umbo la punje ya mahindi. Ila tusidanganyane, zege lililokatwa pale nalo si dogo. Godauni lenu halihitaji mbwembwe hizo, paa liko juu na naamini lina matundu ya hewa, joto linapanda lenyewe, ukiliacha hivyo AC utawasha kidogo sana kuliko kwenye jengo la vioo.

fundi_mstaafu
Kabla ya yote, PAA. Kama ni yale mabati ya kijivu ya asbesto, yenye nyuzi ambazo vumbi lake linaharibu mapafu, msiguse wala msipande. Kazini kwetu kontrakta alileta vijana na nyundo, hata barakoa hawana, vumbi mpaka kwenye chai ya saa nne. Yale yanalowanishwa na kushushwa mazima na watu wenye kibali. Na sakafu iliyonyonya mafuta miaka yote hiyo pimeni udongo chini yake, maana hilo tatizo mkivunja mtalikuta, msipovunja mtalikuta.

Mzawa_Keko
Nimemulika tochi jana nikiwa chini, ni ya kijivu, na kona ya chooni limepasuka. Nimemtumia kaka picha, ticki za bluu toka asubuhi, kimya. Nani anajua watu wa kupima kwa Dar?